Sote wawili ni AS: tuoane?

SWALI: Mimi na mchumba wangu tunaishi Bundibugyo. Tumepimwa siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi: sote ni AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya ugonjwa huo. Shangazi anasema siko seli ni laana ya ukoo, tuachane. Mchumba anasema AS haugui malaria, tuna bahati. Tushike lipi?

JIBU: Shangazi mheshimuni, lakini laana haipo. Tangu 1949, watafiti Lehmann na Raper walipochapisha vipimo vyao vya Uganda, ilijulikana kuwa Waamba, watu wa Bundibugyo huko magharibi mwa Uganda, karibu 45 katika kila 100 wanabeba S, jeni ya siko seli. Chanzo ni jembe na mbu. Wazee walipofyeka msitu walime, jua lilifika kwenye vidimbwi, na mbu aina ya Anopheles gambiae hupenda kutaga humo. Malaria ikaua watoto. Wenye S moja (AS) wakanusurika zaidi, wakakua, wakairithisha.

Hata hivyo AS huugua malaria. Kinachopungua sana ni ile kali inayoua. Neti msiiache.

Kwanza ulizeni mlipimwa vipi. Kipimo cha haraka, cha tone la damu kwenye kioo, hukunja chembe za AS na za SS (mwenye S mbili, ndiye mgonjwa) vilevile, hakizitofautishi. Ombeni elektroforesisi, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina hizo. Aliyeongezewa damu asubiri miezi 3, la sivyo damu ya mwingine ndiyo itakayosomwa.

Mkithibitika AS wote, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto SS, 2 za AS, 1 ya AA, asiye na S kabisa. Wengi hukosea hapa: wakizaa mgonjwa mmoja hudhani watatu wanaofuata wamesalimika. Hapana, kila mimba huanza hesabu upya. Kuoana ni uamuzi wenu. Sisi tunataka muufanye mkiijua hesabu hiyo.

Mtoto apimwe wiki za mwanzo, tena si kwa kile cha haraka, kwani damu ya uchangani huficha S. Akiwa SS, apewe penisilini ya kunywa tangu miezi 2: miligramu 125 asubuhi na jioni, 250 akifika miaka 3, mpaka miaka 5. Wengu wake huharibika mapema, na bila wengu vijidudu vya nimonia humwua kwa saa chache. Apate foliki asidi na maji ya kutosha, na mwulizeni daktari kuhusu haidroksiurea, dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa.

Daktari amwonyeshe kila mlezi kupapasa wengu, chini ya mbavu za kushoto. Ukivimba ghafla mtoto akapauka, au joto likifika 38.5, mpelekeni hospitali usiku huohuo.