Kalukuluku haikumngoja mzungu

Barua ni nyingi, na nusu yake zinauliza jambo moja. Naanza na hilo nilimalize: mgodi wa shaba wa Étoile, hapa kwetu Lubumbashi.

Nani aligundua mgodi wa Étoile, na mwaka gani? (Mwanafunzi, Kampemba)

Mwanangu, hili swali linanirudia kila muhula wa mitihani. Kilima cha mukuba, yaani shaba, hakijifichi. Miti mikubwa haioti juu yake, mawe yake ni ya kijani, na kuna ua linalopenda udongo wa shaba kuliko mwingine wote. Wazee walisoma dalili hizo bila jiolojia. Walichimba kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, wakayeyusha malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, kwa makaa na mivukuto katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakamimina misalaba ya shaba. Misalaba hiyo imefukuliwa makaburini huko kwenye bonde la Upemba, na mingine ina umri wa miaka 600 na zaidi. Msiri wa Bunkeya alijenga ufalme wake kwa shaba na pembe za ndovu kabla ya kupigwa risasi mwaka 1891.

Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji, alipita Katanga mwaka 1892, George Grey, mtafuta madini Mwingereza, akafuata mwaka 1899. Walionyeshwa mashimo yaliyokwisha kuchimbwa, wakayaandika kwenye daftari. Étoile ni jina la hao wageni, Kalukuluku ni jina la wenyeji. Kwenye mtihani andika anachotaka mwalimu upate pointi zako, ila usiniletee mimi.

Jiji lilitangulia, au mgodi? (Kenya, mtaa wa kwetu, si ile ya Nairobi)

Mgodi. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, iliundwa 1906, reli kutoka Rhodesia ikafika 1910, tanuri likatoa shaba ya kwanza 1911. Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilichorwa kuwahudumia hao.

Mgodi wa Shinkolobwe ni sehemu ya Étoile?

Hapana! Iko upande wa Likasi, na sifa yake ni urani, madini ya nyuklia. Na yeyote anayekunong'oneza kwamba anayo ya kuuza kwenye chupa, mkimbie.

Marehemu babu alisema Union Minière ilikuwa baba na mama. Mbona kampuni za leo hazitoi hata posho? (Mama wa Katuba)

Mama, babu yako hakudanganya, ila alikusimulia sura ya pili bila ya kwanza. Miaka ya mwanzo pale Étoile watu waliletwa kwa mikataba mifupi, wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), wakalala kwenye vibanda vibovu, wakafa kwa nimonia na kuhara. Homa kubwa ya 1918 ilipopita, ilikuta miili iliyokwisha choka. Kampuni ikapiga hesabu. Kutafuta watu wapya kila miezi michache ni ghali, na mtu mwenye mke na watoto kambini hatoroki. Ndipo miaka ya 1920 wakaleta watu wa Kasai na wa Ruanda-Urundi, wakajenga kambi, hospitali, shule, wakagawa unga na samaki. Mimi huo siuiti upendo wa baba. Ni hesabu nzuri ya karani, na mtoto wa kambi akafaidika nayo, sikatai.

Shida ya bei ya shaba ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1930, baba huyo huyo aliwarudisha watoto vijijini kwa maelfu. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma wakidai mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa hapa mjini, na askari wakawafyatulia risasi. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, alikufa pale. Waulize vijana wanaopita kila siku chini ya Mumbunda, lile bomba la moshi la kiwanda, kama wanalijua jina hilo.

Serikali ikaichukua kampuni mwaka 1967, ikaja kuwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka 1990, fedha zikawa zimeliwa, vipuri havikununuliwa, na kufikia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa bahasha na kuambiwa wanaondoka "kwa hiari". Kwa hiyo ukiidai posho leo, Mama, idai kwa mkataba ulioandikwa. Usiombe baba mwingine.

Kwa nini mkoa uliitwa Shaba?

Mobutu alitaka kuzika jina la Katanga pamoja na kumbukumbu ya Tshombe, aliyetaka kuitenga Katanga na Kongo. Likadumu kutoka 1971 hadi 1997. Cha kuchekesha, neno lenyewe ni la pwani. Bibi yangu alisema mukuba hadi anakufa.

Nimeuziwa msalaba wa shaba "wa karne ya 14", nitajuaje kama ni wa kweli? (Kamalondo)

Umeshalipa, halafu ndiyo unauliza? Rangi ya kijani inapatikana kwa chumvi na siki ndani ya wiki chache. Mafundi wetu wanamimina misalaba mipya, mizuri sana, na hakuna ubaya ukiuziwa kama mipya. Upeleke kwenye jumba la makumbusho la hapa mjini wautazame. Ukiwa wa kale kweli, huenda umetoka kaburini, na hapo una tatizo lingine.

Kuna kiwanja cha bei nafuu karibu na shimo la Étoile. Muuzaji anasema mgodi ulikufa 1926. (Ruashi)

Uchimbaji wa kwanza ndio ulioishia 1926. Shimo limerudiwa na kampuni nyingine katika karne hii. Nenda saa za kazi, simama barabarani, hesabu malori, kisha pangusa vumbi kwenye jani la muhogo wa jirani. Mimi singenunua.

Baba ameacha kitabu chake cha kazi cha Union Minière na karatasi za posho. Nyumba ni ndogo, nitupe?

Usitupe! Piga picha kila ukurasa, hata ule wa faini, hasa ule wa faini. Andika kambi aliyoishi na majina ya waliokuwa naye zamu moja, kama mama bado anayakumbuka. Kisha niletee nisome. Na usije ukaniambia panya wameshaanza.