Miche haiuzwi kwa mtu ambaye hajachimba shimo

Swali la wiki: "Ni biashara gani ndogo mtaani kwako ambayo ikiondoka leo, mtaa mzima utaona pengo?"

Ndugu Mhariri, kwetu Ilazo, Dodoma, ni kitalu cha miche cha mama mmoja kando ya barabara.

Nilihamia hapa kikazi mwaka 2019 nikitokea Tanga, nimebeba miche minne ya michungwa ya Muheza. Niliipanda mwezi wa saba, kwenye vishimo vya kina cha kiganja. Kufika Septemba mchwa walishamaliza kazi. Nikaenda kitaluni kununua mingine, mama akakataa kuniuzia. Kwanza aliniuliza maji kwangu yanatoka siku ngapi kwa wiki. Kisha akanituma nikachimbe: futi mbili kwenda chini, futi mbili upana, udongo wa juu niuweke kando niuchanganye na samadi iliyooza vizuri. "Halafu subiri mvua, baba." Dodoma mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 600 hivi. Ukikosea mwezi, umepoteza mwaka.

Desemba nilirudi. Aliinua mwembe wa kubebesha, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine, akageuza kiriba, ule mfuko wa plastiki unaooteshewa mche, nione kitako. Mzizi ulikuwa umetoboa na kuanza kujikunja. Akaurudisha, akachagua mwingine mdogo zaidi, wa bei nafuu. Mimi ningechukua ule mrefu! Akanionyesha namna ya kuchana kiriba kwa wembe bila kuvunja udongo, na kufukia pembeni ya mche chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa, ili maji yashuke polepole hadi kwenye mizizi.

Hivyo ndivyo anavyomfanyia kila anayefika. Watoto humpelekea pakiti tupu za maziwa, anazitumia kama viriba, nao huondoka na mche wa mpapai. Ukihesabu miarobaini ya mtaa wetu, mingi imetoka kwake.

Kinachoniuma ni kwamba eneo lile si lake, ni hifadhi ya barabara, na mara mbili ameambiwa aondoke. Viwanja vinapimwa kwa ajili ya maduka, shule, makanisa na misikiti, na hiyo ni sawa kabisa. Cha kitalu sijawahi kukiona. Wanaopima mitaa mipya kule Iyumbu na Nzuguni, nawaomba: nusu kiwanja chenye bomba la maji kinamtosha mtu kama yeye.

Msomaji, Ilazo, Dodoma