Mume wangu anacheka na paka, mimi ananinunia

Shikamoo Shangazi. Naishi Leicester, Uingereza, na mume wangu na watoto wetu wawili. Mwaka juzi tulichukua paka aina ya Bengal, wale wenye madoa kama chui. Tangu hapo mume moyo wake wote umehamia kwa paka. Anafanya kazi ghalani usiku. Akirudi saa moja asubuhi wanajifungia bafuni, bomba linadondoka, namsikia anacheka. Mimi hajanichekea mwaka mzima. Usiku paka anapiga kelele, anaruka juu ya makabati, na sasa amekojoa kitandani kwangu mara mbili. Mama mkwe amekuja kutoka Tanga, naye badala ya kunitetea anampa paka dagaa na kumwita "baba". Nimeamua kumuuza paka kimya kimya. Kwenye ile chipu ya utambulisho aliyowekwa chini ya ngozi, nitatoaje jina langu niweke la mnunuzi bila mume kujua?
Mke Aliyechoka

Marahaba, mwanangu. Pole kwa godoro.

Pole imeisha, sasa tusemezane. Barua yako imeanza na "tulichukua" ikaishia na "jina langu". Huko England, tangu tarehe 10 Juni 2024, paka wa kufugwa lazima awekewe chipu kabla hajafikisha wiki 20, na anayeandikishwa ni mwenye kumtunza. Kumbe mwenye paka ni wewe! Unamlilia mke mwenza uliyemposa mwenyewe, ukamtolea mahari, ukamvusha kizingiti kwa mkono wako. Na mimi nasema hukumpenda paka, ulipenda madoa. Ulimwona kwenye simu ya shoga yako, amejinyoosha juu ya kochi, ukataka na kochi lako lilaliwe na chui. Kama nakusingizia, niandikie tena, nitakuomba radhi hapa hapa.

Ukipenda boga, penda na ua lake. Huyo si paka wa kusinzia barazani. Mwaka 1963 huko Marekani, mama mmoja aitwaye Jean Mill alimzalisha paka wa nyumbani na paka chui wa Asia, mnyama wa porini kabisa, na miaka ya 1980 akaishika kazi hiyo kwa bidii mpaka mbegu ikakubaliwa. Wanaouzwa kwa ajili ya familia wako vizazi vinne au zaidi mbali na pori. Chotara wa kizazi cha kwanza hata hapo Uingereza hafugwi bila leseni ya wanyama hatari. Wa kwako ni wa nyumbani, ndiyo, lakini miguu bado inakumbuka. Anataka kupanda, anataka kuwinda, maji kwake ni sherehe, na akinyimwa vyote hivyo atakuimbia saa tisa usiku. Aliyekuuzia bila shaka alikwambia. Ulikuwa unaangalia madoa.

Sasa kuhusu kitanda. Paka hakojoi kwa kisasi, hiyo tabia ni ya binadamu. Mpeleke kwa daktari wa wanyama kwanza. Ukimwona dume anachuchumaa na kukaza bila kutoa kitu, usingoje kesho, mkojo ukiziba unaua. Kama hajahasiwa, ahasiwe. Kama ni mzima, chungulia sanduku lake la mchanga. Nani hulisafisha? Naona hukuligusia kabisa, na mwanamke anayefanya kazi ya nyumbani hasahau kuitaja anapolalamika. Weka masanduku mawili, yasafishwe kila siku, na moja likae mbali na kelele za watoto.

Mama mkwe wako muache. Amekulia Tanga, anajua kwamba paka wa nyumba haingwa. Kisa cha yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa sote tumekisikia chuoni, na yeye bado anakikumbuka. Isitoshe, amefika nchi ya baridi, mwanawe analala mchana, wewe uko kazini, wajukuu wako shule. Wa kumwita "baba" ni nani mwingine?

Lakini barua yako, mwanangu, yote imo bafuni. Nimeirudia ile sentensi mara tatu. Mkojo umeupa neno moja, makabati neno moja, ila kile kicheko umekisikiliza ukiwa umesimama nje ya mlango, tena si siku moja. Unamwonea paka wivu kwa sababu yeye anampokea. Mtu amebeba maboksi usiku kucha, anaingia, wa kwanza kumkimbilia ni mwenye miguu minne. Wewe saa moja uko wapi? Nakisia uko jikoni unafunga vyakula vya watoto, na salamu yake ni "umelipa umeme?" Sikulaumu kwa vyakula. Nakulaumu kwa salamu.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Zamani mke na mume walikuwa na mambo ya kugombania: shamba, mifugo, mke wa pili. Leo wamelala kitanda kimoja, kila mmoja na mwanga wake usoni, wakiamka wanatumiana ujumbe kutoka chumba hadi chumba. Nyumba inajazwa vitu vya kupigwa picha: kochi la kupigwa picha, keki ya kupigwa picha, na sasa mnyama mwenye roho yake. Picha zikishapungua kupendwa, mnyama anaitwa "wa mume".

Chipu sikufundishi. Ukimuuza kwa siri, watoto utawaambia ametoroka, nao watazunguka mitaa ya Leicester wakimwita kwenye mvua, na baba yao nyuma yao na tochi, hajalala. Utavaa koti uende nao, au utabaki dirishani?

Jumamosi hii mume akirudi, ingia bafuni. Simu iache nje. Kaa sakafuni, fungua bomba kidogo tu, litoe uzi mwembamba wa maji, mpishe paka aupige kwa mkono. Atakulowesha. Usimkemee, na usiulize umeme.

Mama mkwe msalimie sana. Mwambie dagaa wa chumvi si wazuri kwa paka, awaloweke kwanza, amwage maji yake.