Ukurasa wa 31

Wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: je, Bunge lipitie kila uuzaji wa mali ya serikali, au huko ni kuchelewesha mambo bure? Nililisoma swali hilo kwenye foleni ya feri, upande wa Likoni. Nilishuka kisiwani bado ninalijibu peke yangu, hadi kijana mmoja akaniuliza, "Mama, wasema nami?" Basi bora niandike.

Langu ni hili. Kabla hatujauliza nani apitie, nani aliiandika hiyo orodha ya vinavyouzwa? Mbunge hupitia karatasi, na kila karatasi ina karani wake aliyekaa mahali na kalamu. Mimi nilikuwa karani huyo.

Nilikuwa stoo ya shirika moja la umma, huku kwetu Mombasa, Shimanzi. Jina nalistiri. Serikali ilikuwa imetangaza 1992 kwamba katika mashirika yake 240 ya biashara, 207 yatauzwa na 33 ndiyo yatakayobaki. Sheria ya ubinafsishaji hatukuwa nayo, ilikuja kupitishwa 2005. Sisi tuliambiwa neno moja tu: hesabuni.

Tukahesabu wiki tatu, kaskazi imepamba moto, juu yetu mabati. Nilikuwa na fundi mmoja mzee wa Rabai aliyeijua kila roda kwa jina na kwa meli iliyoileta. Yeye ataja, mimi naandika. Roda 64. Feni 41, zinazozunguka 9. Saa ya ukutani moja, imesimama saa nne na robo. Malori manne, yote mabovu. Pembeni, chini ya turubai, palikuwa na mashine ya kukerezea vyuma iliyotoka Uingereza na haikuwahi kuwashwa hata siku moja, kwa sababu kuna kifaa chake kimoja hakikununuliwa. Grisi ya kiwandani ilikuwa bado iko juu yake. Fundi alikuwa akiifuta vumbi kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, utadhani ni kaburi la mzazi wake.

Mthamini alipokuja na tepu yake na kikokotoo, aliigusa kwa ncha ya kiatu akasema, "Andika skrapu." Nikaandika skrapu. Fundi alinitazama tu. Miaka yote hii sijapata la kumjibu, na sasa ameshatangulia mbele ya haki.

Halafu tukaambiwa kamati ya Bunge yaja kukagua. Meneja akanunua mapazia mapya. Ahadi ilikuwa saa tatu asubuhi, wakaingia karibu saa sita, jasho limewaloa makoti. Wengi walisimama mlangoni pa stoo, wakatikisa kichwa, wakarudi uani kwenye kivuli cha mwembe walikowekewa madafu. Mmoja alinifuata kuniuliza kama nina jamaa anayeuza ploti Nyali. Wallahi.

Akabaki mzee mmoja wa bara, miwani imefungwa kwa uzi. Aliketi juu ya kasha la misumari, akaniomba leja, akaanza kusoma mstari kwa mstari huku akifuata kwa kifuniko cha biro. Hakuwa na haraka. Meneja alikohoa mara ngapi sijui. Mara kijana akaja kusema chakula tayari, pilau yapoa. Mzee hakuinua hata uso. "Mwambieni pilau anisubiri."

Akafika ukurasa wa 31. "Mama, hapa umeandika kiwanja kimoja na nyumba mbili za wafanyakazi. Kila kiwanja kingine umekitia namba. Mbona hiki hakina?"

Nilimtazama meneja, meneja akatazama mabati. Nikasema, "Mheshimiwa, faili liko Nairobi." Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeambiwa niseme. Akaandika kitu kwenye kijitabu chake, akanirudishia leja kwa mikono miwili, akaenda kula.

Baada ya siku kumi na kitu hivi ikaja barua kuuliza namba ya kiwanja. Lile faili ambalo mwaka mzima halikuonekana likashuka kwa treni ya usiku, na asubuhi lilikuwa mezani pangu. Nikaijaza namba kwa wino mweusi, na kiwanja kikauzwa kwa bei iliyoandikwa, hadharani kama vingine. Ile mashine ikapimwa kwa kilo. Hakuna aliyeuliza habari zake.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kuwaambia kwamba Bunge lipitie lisipitie, ni mamoja. Ushahidi ninao. 2022 serikali ilitoa shilingi bilioni 6.09 kununua tena asilimia 60 ya Telkom, shirika la simu ambalo 2007 ilikuwa imewauzia Wafaransa asilimia 51. Kamati za Bunge zilipokuja kuuliza, fedha zilikuwa zimeshatoka. Ni kufika msibani matanga yameanuliwa. Tena hata Bunge likiwa kali: Julai 2008, kwa ajili ya kuuzwa hoteli ya Grand Regency, lilipitisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri wa Fedha, Amos Kimunya, akajiuzulu. Tume ikamwondolea lawama, na Januari 2009 akarudi kwenye baraza la mawaziri. Hoteli haikurudi.

Lakini nikimkumbuka yule mzee na kifuniko chake cha biro, mkono unakataa kuandika kwamba ni mamoja. Alichouliza kilipona, na ambacho hakuulizwa mtu kiliondoka kwa kilo.

Haya, tuje kwa yetu ya sasa, maana najua swali lenu lilitoka wapi. Mwishoni mwa 2023 ilitolewa orodha ya mashirika 11 ya kuuzwa, Kenya Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta, ndani yake, na KICC pia, lile jumba la mikutano la Nairobi. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaifuta sheria iliyotumika, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. 2025 ikaja sheria mpya, na mwaka huohuo Bunge la Taifa likaridhia kuuzwa asilimia 65 ya Kenya Pipeline. Nairobi walilizungumza kama habari ya hisa. Kwetu sisi bomba lile huanzia hapa, tangu 1978. Kipevu kuna matangi, na Changamwe kuna kile kiwanda kilichoacha kusafisha mafuta 2013, nacho pia kimetiwa mikononi mwa kampuni hiyohiyo. Kiwanda kimezimwa, ndiyo, lakini ardhi yake na matangi yake havijazimwa. Hivyo ndivyo vitu vinavyopenda kuitwa skrapu. Ningelipata dakika mbili mbele ya waheshimiwa, ningeliwauliza nani kati yao aliketi juu ya kasha akasoma hadi ukurasa wa 31.

Mjukuu wangu anayenichapia haya asema, "Nyanya, hujajibu swali." Basi jibu langu ni ndiyo, lipitie, ingawa wengi wao watakuja kwa pilau. Ila waje stoo kabla ya mthamini, wasije baada yake, na wamsikilize fundi kabla ya meneja. Na mwanzo niliandika "kila uuzaji" nikakata. Malori mabovu yauzeni tu bila kumngoja mbunge. Yale manne yetu yalisubiri kibali miaka miwili juani, hadi paka wakazalia kwenye injini.