Bi Jikoni Anajibu: Columbo, bunju na chupa ya mvinyo

SWALI: Shikamoo Bi Jikoni. Mimi na mume wangu hatuelewani tangu Jumamosi. Tuliangalia kile kipindi cha TV cha mpelelezi Columbo, sehemu ya mwenye mgahawa wa Kitaliano anayekufa kwa sumu ya samaki baada ya kula na mwandishi wa habari za vyakula. Wamekula chakula kimoja, na chupa ya mwisho marehemu kaifungua mwenyewe. Mume wangu anasema ni uongo mtupu: sumu hiyo haipo, na yule polisi alibahatisha tu. Mimi nasema bunju anaua. Tuamulie. Halafu, kile anachopika Columbo mwishoni ni nini?
Msomaji wako, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenye samaki umeshinda. Mtu anakaa Tanga na hamjui bunju? Mpeleke Deep Sea asubuhi awaulize wavuvi. Sumu yake hukaa zaidi kwenye ini na mayai, na moto hauiondoi hata ukipika mpaka mchuzi ukauke. Dawa ya kuizimua haijapatikana. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua kwa mashine mpaka sumu ipungue mwilini. Wajapani wanamla, fugu wanamwita, lakini anayemtayarisha mgahawani lazima awe na leseni.

Mumeo naye nitampa kidogo. Vittorio, yule mwenye mgahawa, anaanguka upesi mno. Kwa kawaida huanza ganzi ya midomo na ulimi, viungo vinalegea, na pumzi hukatika baada ya saa kadhaa, mara nyingi mtu akiwa na akili zake timamu. Mtunzi wa kipindi hana saa kadhaa za kungoja. Matangazo ya biashara yanamsubiri.

Chupa haina mengi. Sumu ilitiwa kwenye kifungulio, wala si kwenye mvinyo. Ni vile vya gesi: sindano yenye tundu hupenya kizibo, gesi inaingia, kizibo kinapanda. Muuaji kaondoka zake, marehemu kajimalizia.

Ila hilo la kubahatisha sikubali. Angalieni tena pale mwanzo, baada ya mauaji. Polisi wanamwambia Paul Gerard, yule mwandishi, anayeigizwa na Louis Jourdan, kwamba mtu aliyetoka kula naye amekufa kwa sumu. Anafanya nini? Anakuja mgahawani, suti imenyooka, maneno laini, yuko tayari kusaidia. Hospitali hakupita! Mwenzio mliyekaa meza moja kafa, wewe hata tumbo hujishiki? Columbo amegundua papo hapo, na mwishoni anamwambia wazi kwamba alimshuku tangu dakika za kwanza za kukutana.

Mimi nimepika hoteli za pwani miaka mingi. Usiku mmoja mgeni alitapika, maneno yakazagaa kwamba ni pweza. Nusu saa haikupita, mlango wa nesi umejaa watu, na mmoja wao nilimhudumia mwenyewe: alikula mkate na siagi tu. Binadamu ndivyo tulivyo. Asiyeogopa hapo ana lake jambo, na Columbo hakuhitaji maabara kulijua hilo.

Kuna jambo hamkuniuliza, nami ndilo linalonifanya niipende sehemu hii, ya Januari 1978, kuliko nyingine zote za Columbo. Kabla ya kuua, Gerard alikuwa mla rushwa. Wenye migahawa wa Los Angeles walimlipa, kwa mgongo wa chama fulani cha uongo, ili awasifu. Vittorio kauawa kwa sababu alichoka kulipa na akatishia kusema. Aliyewahi kushika mwiko hotelini hahitaji kufafanuliwa. Alikuwepo mmoja kwetu, simtaji. Anaagiza kambakoche, anaagiza tena, bili ikija yeye anafungua daftari lake la kuandikia na kumwangalia meneja usoni. Bili inarudi kaunta. Mimi huko jikoni naambiwa niongeze siagi! Kwa hiyo Gerard anapojaribu kumlisha Columbo sumu ileile, na kumbe Columbo alikuwa akimngoja afanye hivyo hivyo, mimi hupiga makofi peke yangu sebuleni, wajukuu wakinicheka.

Chakula chenyewe ni nyama ya ndama. Kwa hapo Tanga mwombe mchinjaji steki laini, ukate vipande vyembamba, uvigonge mpaka viwe bapa, upake unga wa ngano na chumvi, ukaange kwa siagi moto mkali, dakika moja kila upande, usizidishe. Toa nyama, kwenye kikaango hichohicho tia supu kidogo na ndimu, koroga, mwagia juu. Mumeo ndiye asimame jikoni safari hii, kashindwa.