Usifue kwanza, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako tumezipata, sisi hatujambo. Umeniuliza kwa nini spika ya sebuleni, ile inayoleta matangazo ya uongozi wa jengo, imetangaza watu wasifue nguo mpaka baridi ipungue, na hiyo mashine ya kufulia yenye maandishi ya Kikorea matupu inaendeshwaje. Hapo Suwon, Korea Kusini, umepanga ghorofani kama nilivyopanga mimi Seoul enzi za masomo, kwa hiyo nakujibu.

Tangazo kwanza, maana ndilo zito. Mashine yako iko roshani, na joto la sakafuni linalopasha vyumba huko halifiki. Maji yake machafu hushukia bomba moja linalopita roshani za majirani wote wa upande wenu, toka juu hadi chini. Baridi ya Januari ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri, maji huganda mle bombani, hasa kule chini. Wewe wa juu huoni kitu: mashine inasuuza, inakamua, inapiga kimuziki chake cha kumaliza. Aliye ghorofa ya chini kabisa ndiye anayeona povu lako likipanda kutoka kwenye tundu la sakafu, linafurika roshani yake, na usiku linageuka barafu. Ugomvi wake si mdogo, na mgeni ndiye wa kwanza kutazamwa. Nguo za ndani fulia bafuni kwa mkono. Nyingine beba uzipeleke kwenye duka la kujifulia lenye bango la 빨래방. Yako mengi mitaani, mengi hayafungwi hata usiku, na yana mashine kubwa za kukausha.

Sasa vitufe. 전원 ni kuwasha, 헹굼 kusuuza, 탈수 kukamua. Ukiiacha mashine ijichagulie, mara nyingi itapasha maji hadi nyuzi 40, na kanga ulizopewa na mama yako zitachuja rangi na kuharibu mashati. Kwenye joto la maji tafuta 냉수, ndiyo maji baridi. Dukani nako uwe macho: sabuni na kilainishi vyote huuzwa kwenye pakiti laini zenye picha za maua. Ukiona 유연 kwenye jina, hicho ni kilainishi. Ukikidhania sabuni, utafua wiki nzima nguo zinukie vizuri na uchafu uko palepale.

Usiku usifue. Ikishapita saa tatu, mashine ikianza kukamua mtetemo unapita kwenye zege hadi kwenye kitanda cha mtu, na wenzako hapo kesi za kelele za ghorofa wanazichukulia kwa uzito kweli.

Kuanika, tumia ile stendi ya kukunja, uiweke chumbani juu ya sakafu ya moto. Kipupwe cha huko ni kikavu mpaka midomo inapasuka. Nguo mbichi zitakusaidia kulainisha hewa. Machipuko, vumbi la manjano kutoka jangwa za China na Mongolia likivuma, funga madirisha, hata kama jua linakushawishi. Ukibaki hadi Julai utakutana na mvua za masika yao, na hapo hakuna kitu kinachokauka: taulo inavunda ikiwa bado stendini. Mwombe mwenye nyumba mashine ya kunyonya unyevu, wengi wanazo.

Blanketi lile zito usilitie kwenye mashine yako ndogo. Lisubiri siku ya kwenda duka la kujifulia.

Baba yako