Nota ziko ubaoni na mtoto haoni ubao: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaongoza darasa la muziki la mtaa hapa Mwanza, kila Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kukodi. Tuna kwaya ya watoto, ngoma nne na kinanda kimoja. Nota ninaandika kwa solfa ubaoni. Mwaka huu nimepokea watoto watatu: binti wa miaka 12 asiyeona, shuleni kwao anasoma nukta nundu, mvulana kiziwi, na mvulana mwingine mwenye mtindio wa ubongo, anatumia kiti mwendo na mkono wake wa kulia hautulii. Baadhi ya wazazi wananiambia niwatengee hawa watatu siku yao, wasije wakawachelewesha wenzao. Naomba msaada wako. Nota za huyu binti niziandikeje? Kiziwi nimfundishe nini hasa? Na nikinakili wimbo wa mtunzi kwa nukta nundu, si nitakuwa nimevunja haki yake?

JIBU: Marahaba mwalimu. Nianze na hao wazazi, maana wasipopata jibu watakuvuruga kuliko nota. Usiwatengee siku. Sauti ya kwaya haifundishiki chumbani peke yake. Binti yule anatakiwa aisikie alto ikimgonga sikioni ndipo ajue ya kwake inakaa wapi. Kinachohitaji faragha ni maandalizi, robo saa hivi kabla wenzake hawajaingia, basi. Wakizidi kukubishia, waulize zile ngoma zilizokuwa zikitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania alizipiga nani. Ni Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyekuwa akizipanga ngoma nyingi kumzunguka na kuzipiga zote mwenyewe. Nchi nzima ilijua saa ya habari imewadia kwa mikono yake.

Sasa nota. Hapa una bahati ambayo wenzetu wanaofundisha kwa mistari mitano hawana: solfa ni herufi. Ni d r m f s l t, nukta mbili za kutenganisha mapigo, kistari cha kuendeleza sauti, na alama ndogo za kuonyesha sauti imepanda au imeshuka okteva. Herufi na vituo hivyo vyote vina nukta zake tayari. Kama binti anasoma hadithi kwa nukta nundu, anaweza kusoma solfa Jumamosi hii hii. Alama ya okteva ndiyo ya kukubaliana naye mapema, kwa sababu kwenye karatasi yetu tunaiweka juu au chini ya herufi, na nukta nundu haina juu wala chini ya mstari. Chagueni alama moja itangulie herufi, muiandike kileleni mwa kila ukurasa, na msiibadilishe tena.

Kazi kubwa ni mpangilio. Karatasi ya kwaya ina sauti nne zimepandana na maneno chini yake, na jicho linaruka juu na chini bila taabu. Kidole hakiruki. Toa sauti nyingine zote, bakiza ya kwake tu. Kisha ukate wimbo kwa pumzi: maneno ya pumzi ya kwanza mstari mmoja, solfa yake mstari unaofuata, halafu pumzi ya pili hivyo hivyo. Ukimpa maneno ya ubeti mzima kwanza na solfa ya ubeti mzima baadaye, atashinda anatafuta alipoishia.

Nani aandike? Mwache aandike mwenyewe. Wewe soma: "do, pigo, re, pigo, mi, endeleza." Hiyo ni imla ya kawaida, na mashine ya Perkins ya kuchapia nukta nundu, au kibao cha nukta nundu cha shuleni kwao, kinatosha. Akishazoea, acha kumtajia majina. Mpigie kinanda aitambue sauti mwenyewe aiandike. Na ukifika hapo, wape wote zoezi hilo, wenye macho kwa kalamu na yeye kwa nukta. Wenye macho ndio watakaohangaika, utaona. Watoto wetu wengi wanasoma ubao vizuri sana na hawasikii kitu.

Kuna mtego mmoja nikuonye. Zipo nota za nukta nundu zenyewe, alizozipanga Louis Braille, ambaye naye alikuwa mpiga ogani huko Paris; kitabu chake cha 1829 kilikuwa na maandishi na muziki pamoja. Katika mfumo huo, sauti saba zinachukua umbo la herufi d hadi j. Umbo la d ni do, e ni re, f ni mi, g ni fa, h ni sol, i ni la, j ni si, yaani ti ya solfa. Katika nukta sita za kila herufi, mbili za chini kabisa, ya 3 na ya 6, ndizo zinazosema sauti inadumu muda gani: zote mbili zisipokuwepo ni nusu pigo; ikiongezwa ya 6 ni pigo moja; ikiongezwa ya 3 ni mapigo mawili; zikiwepo zote ni manne. Umeona tatizo? Kwenye solfa herufi f ni fa. Kwenye mfumo wa Braille umbo hilo hilo ni mi. Tena do ya solfa inahama kulingana na ufunguo, ya Braille imekaa pale pale, ni C. Kwa hiyo usichanganye. Mwaka huu mpe solfa peke yake. Siku akitaka kuingia kwenye kinanda kwa dhati, ndipo umtafute mwalimu wa elimu maalumu anayezijua hizo nyingine, na aanze nazo kama somo jipya.

Kwenye kinanda chenyewe usibandike chochote. Vibonyezo vyeusi vimepangwa viwili, vitatu, viwili, vitatu, na hiyo ndiyo ramani yake: kibonyezo cheupe kilicho kushoto mwa viwili ni C, kilicho kushoto mwa vitatu ni F. Mpitishe mkono mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho na atakuwa amekielewa. Asichoweza ni kusoma huku akipiga kwa mikono yote miwili, kwa kuwa vidole ni vile vile. Atakariri mkono mmoja kwanza, kisha wa pili, kisha aunganishe. Maana yake wimbo umpe wiki moja kabla ya wenzake. Mrekodie kwenye simu sauti yake peke yake, usimrekodie kwaya nzima: mara moja polepole kwa majina ya nota, mara ya pili kwa maneno. Faili ulipe jina linaloeleweka, "Ubeti wa pili, soprano", kwa sababu simu yenye msomaji wa skrini itamtamkia jina hilo; lile litakalojiita tarehe na tarakimu ndefu halimsaidii kitu.

Halafu ulimi wako mwenyewe. Hesabu siku moja umesema mara ngapi "hapa", "hivi", "tazameni mkono wangu". Badala yake taja kitu kwa jina. Wakati wa kuingia, vuta pumzi kwa sauti kwenye kasi ya wimbo, pigo moja kabla. Ataingia na wenzake, na wale wa mstari wa nyuma wasiokutazama kamwe wataingia pia.

Tuje kwa mvulana kiziwi. Kwanza ujue anasikia nini, usikisie. Viziwi wengi wana mabaki ya usikivu, mara nyingi kwenye sauti nene, na wengine wamezaliwa bila kusikia kabisa. Muulize yeye na wazazi wake, kama anatumia shime sikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, kama ana Lugha ya Alama, na nani atakufundisha alama za kwanza: anza, acha, tena, taratibu, kwa nguvu. Alama hizo darasa zima lijifunze. Tafadhali usifungulie spika ukidhani unamsaidia. Shime sikio inakuza sauti, na kelele inaweza kuharibu hata kile kidogo alichobakiza.

Muziki ni mtikisiko kabla haujawa sauti, na mtikisiko mwili unaupokea. Evelyn Glennie wa Uskoti, mpiga ngoma na marimba wa kimataifa, alikuwa ameshapoteza karibu usikivu wote alipofika miaka 12. Hupiga peku ili miguu ipokee. Ukumbi wako, kama kumbi zetu nyingi, nadhani ni wa sakafu ya saruji, na saruji haipitishi kitu cha maana. Tafuta jukwaa dogo la mbao, hata kreti mbili za mbao zilizopigiliwa ubao juu, ngoma kubwa ikae juu yake na mvulana asimame hapo hapo bila viatu. Wakati anasubiri zamu, kiganja kikae kwenye ubavu wa ngoma ya mwenzake, au ashike puto lililojazwa pumzi mbele ya kifua. Ngozi ya puto inatetemeka kwa sauti nene kiasi cha kushangaza.

Ngoma zetu zinakusaidia hapa kuliko kitabu chochote, kwa sababu mdundo hauko kwenye ngoma tu. Uko kwenye mguu, kwenye bega, kwenye njuga. Anza na mguu. Mfundishe hatua kwanza, akiishika hatua mpe mkono mmoja kwenye ngoma ukifuata mguu, kisha mkono wa pili uingie katikati. Wakae nusu duara ili awaone wote, mwanga uwe usoni mwako na si mgongoni, na usiongee ukiwa umegeukia ubao. Akishaishika pigo la msingi, mpe aliongoze. Wenzake wakikimbia, na watoto hukimbia, yeye hatavutwa na kelele zao.

Kuimba kwa mikono nako kupo. Barquisimeto, Venezuela, kwenye mradi wa El Sistema wa kufundisha watoto muziki, waliunda kwaya ambayo viziwi na wenzao huvaa glavu nyeupe na kuimba kwa ishara huku wengine wakiimba kwa sauti. Ukitaka kujaribu, usimpangie alama neno kwa neno. Lugha ya Alama ina sarufi yake na ukiifuata sarufi ya Kiswahili utatoa kitu kisichoeleweka kwa yeyote. Tafuta kiziwi mtu mzima, kupitia Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kwa mfano, autafsiri wimbo. Mengine nitakuachia wewe na yeye.

Kijana mwenye mtindio wa ubongo ni rahisi kuliko unavyohofia. Ngoma isiwe mapajani, iwe kwenye stendi imara au meza iliyoinuliwa kwa matofali hadi magoti na kiti viingie chini yake. Kipigio kifungie mpira wa ndani wa baiskeli, zungusha hadi kiwe kinene, kisha mkanda mwembamba wa mpira huo huo uzunguke kiganja ili kisidondoke. Mkono wa kushoto ukiwa umetulia, ndio uwe mkono mkuu. Kama utapata marimba ya vibao vinavyotoka, ondoa fa na ti. Zinazobaki hata akikosea kibao hazigombani na wimbo. Sehemu yake iwe na nafasi, pigo la kwanza la kila kundi, si mfululizo wa haraka. Na iwe sehemu ambayo asipokuja, wimbo unapwaya. Kayamba la kutikisa popote anapojisikia si sehemu, ni kumbembeleza.

Kuhusu haki ya mtunzi: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliandikwa kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na unahusu nota pia, si maandishi peke yake. Kenya, Uganda na Tanzania zote zimejiunga. Asiyeona, au anayemtunza, anaweza kujitengenezea nakala anayoweza kuisoma kwa matumizi yake binafsi. Binti akiandika imla yako, hiyo ni nakala yake. Usiiuze, usiisambaze kwa kwaya nyingine, na jina la mtunzi libaki juu ya ukurasa. Mkataba huo haumgusi mvulana kiziwi, kwa hiyo mkitaka kuurekodi wimbo kwa Lugha ya Alama na kuuweka mtandaoni, mpigieni mtunzi simu kwanza.